Wadogo zangu, wtmp haifutwi

Juzi nimemkuta kijana wa zamu ya usiku ameshaandika rm /var/log/wtmp, yaani amri ya kufuta wtmp, faili la Linux linalotunza kumbukumbu za nani aliingia kwenye seva na lini, kidole kinaelea juu ya Enter. Nikamwambia, "Toa mkono hapo, mdogo wangu." Diski ilikuwa imejaa asilimia 98, naye alitaka kusaidia tu. Namwelewa. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilibonyeza.

1. Pima kwa du (nafasi halisi iliyoliwa kwenye diski) kabla ls -l (ukubwa unaoonekana) haijakutia presha. lastlog, faili la mara ya mwisho kila mtumiaji alipoingia, hupangwa kwa UID, yaani namba ya mtumiaji, na namba zisizotumika huacha mapengo matupu, kwa hiyo UID moja kubwa mno inaweza kuifanya ionekane ina terabaiti 1.2 wakati kwenye diski imekula kilobaiti chache. Ukiihamisha kwa rsync, weka -S ili mapengo hayo yasile diski.

2. wtmp hupunguzwa au humwagwa (yaliyomo yanatoka, faili linabaki), haifutwi. Kumwaga ni > /var/log/wtmp, basi. Mimi sikulijua hilo. Saa nane usiku, /var imejaa, barua pepe za wateja zimegoma. Seva ya FTP, ya kuhamishia mafaili, ilikuwa ikiandika kwenye wtmp kila mtu anapoingia na kutoka, na logrotate, programu ya kupunguza kumbukumbu kwa ratiba, hakuna aliyeiweka. Nikapiga rm. Nafasi ikapatikana, huduma zikarudi, nikaenda kulala nimefurahi.

Wiki tatu baadaye mafaili ya hesabu ya mteja mmoja yakakutwa yamebadilishwa. Bosi akaja mezani kwangu: nani aliingia Jumamosi? Nikaandika last, amri inayosoma wtmp. Faili halipo. Programu zinazorekodi kuingia huandika wtmp ikiwepo. Isipokuwepo haziiundi, zinapita kimya. Siku mbili tukachambua auth.log, kumbukumbu ya maandishi ya uthibitishaji, mstari kwa mstari, na siku zote hizo mwenzetu mmoja, mtu mzima, baba wa watoto, akatazamwa kama mwizi. Asubuhi ya pili aliingia ofisini akasalimia, na hakuna aliyemwitikia vizuri. Hakuwa yeye. Nilimwomba radhi mbele ya wote, akanisamehe, lakini ile salamu ninaisikia mpaka leo.

3. wtmp si maandishi, jamani! tail -n, inayohesabu mistari, itakukatia rekodi katikati. Kwenye Linux ya x86-64 rekodi moja ni baiti 384, kwa hiyo tail -c 3840000, inayohesabu baiti, hukuachia rekodi 10,000 za mwisho. Zipeleke kwanza kwenye faili jingine, kisha zirudishe kwa cat ili mmiliki na ruhusa visibadilike.

4. btmp, faili la majaribio ya kuingia yaliyokataliwa, ikiwa ya gigabaiti 2 ni zaidi ya majaribio milioni 5 yaliyoshindwa. Kuimwaga kila wiki ni kudeki huku bomba linavuja: zima nywila kwenye SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali), tumia funguo. Na isisomwe na kila mtu, maana wapo wanaoandika nywila mahali pa jina, nayo hubaki humo.

5. Kama wtmp umeshaifuta, acha kusoma: touch /var/log/wtmp kuliunda upya, kisha chown root:utmp na chmod 664 kwa faili hilo hilo. Sasa hivi.