Sikumnyima kaka figo, na wewe kapime mkojo

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi, baba yao kafa kwa figo na sasa kaka yake kaanza kuvimba miguu, anauliza kama wamerogwa. Dada yangu, nimekaa na meseji yako siku mbili maana umetonesha kidonda.

Mimi na kaka yangu tuko Houston. Figo zake zilikufa ana miaka 41, presha alikuwa nayo hajui. Nikajitolea yangu moja, damu zetu zinaendana, nikapimwa miezi minne mpaka nikaomba likizo kazini, halafu daktari akaniita akasema hapana. Nina jeni, yaani chembe ya urithi, inaitwa APOL1, yenye mabadiliko, nakala zote mbili, ya baba na ya mama, nikibaki na figo moja naweza kuishia kwenye mashine ya kusafisha damu kama kaka. Nililia kwenye paking peke yangu.

Nikawapigia nyumbani. Shangazi nikimwambia jeni anasikia jini, kesho yake grupu la ukoo limejaa kwamba nimemnyima ndugu yangu figo nikasingizia majini. Inaniuma mpaka leo, sifichi.

Basi nikasoma. Kumbe uhusiano wa jeni hii na figo umegunduliwa 2010. Protini inayotengenezwa na APOL1 inaua vijidudu vya malale, ule ugonjwa wa mbung'o, ila aina zinazowapata watu zinajua kuikwepa, sasa waliokuwa na mabadiliko ndo wakapata kinga zaidi, wakaishi wakazaa, ndo maana yamejaa kwa watu wenye asili ya Afrika hasa Magharibi. Nakala moja inakinga, mbili figo zinakuwa hatarini, kama seli mundu na malaria vile. Weusi wa Marekani kama asilimia 13 wanazo mbili na wengi wao hawaumwi figo, mpaka kiongezeke kitu kingine kama VVU isiyotibiwa.

Sisemi kwenu ni APOL1, figo zina sababu nyingi. Ila jamani tuache kusingizia wachawi! Mwenye ndugu wa figo apime presha, kreatinini kwenye damu (uchafu ambao figo hutoa) na protini kwenye mkojo, figo haziumi mpaka zishaharibika. Diklofenaki za maumivu za kila siku acha. Mizizi ya kuchemsha acha. Mkojo kapime, narudia. Dada, mpeleke kaka yako kesho asubuhi na wewe upime hapohapo.

Kaka bado yuko kwenye mashine mara 3 kwa wiki, nampeleka mimi. Shangazi hatujaongea tangu Januari.