Kuhamisha Windows kwenda SSD bila kupoteza mafaili
Mkuu, umeuliza kama Windows yako inaweza kuhama kutoka HDD (diski ya kizamani inayozunguka) ya GB 500 kwenda SSD (diski ya kisasa yenye kasi) bila kuanza upya. Inawezekana. Tatizo ni hiyo SSD ya GB 480 uliyosema umeiona Kariakoo: Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwa kawaida hugoma diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, hata kama umetumia GB 90 tu. Kupunguza patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa) kunawezekana, lakini mimi ningeongeza hela nichukue ya GB 512.

Kwanza nakili picha na kazi zako kwenye diski ya nje. BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa usimbaji) ikiwa imewashwa, izime. Chaji laptop ijae na uiache kwenye umeme. Umeme wa mjini hapa unajua mambo yake, unaweza kukatika. Ukimaliza kunakili kwenda SSD, chomoa HDD kabla ya kuwasha laptop, na usiifomati hadi uhakikishe mafaili yote yanafunguka.