Maswali ya Wasomaji: Vita Vilivyochongwa Mbaoni

SWALI: Nimeona picha ya Kijapani, iliyochapwa kwa mbao za kuchongwa, ya vita vya 1894 dhidi ya Uchina, karatasi tatu zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Mchoraji alikuwepo vitani? Na picha hizi zilitokaje upesi?

JIBU: Wachoraji wengi walibaki Tokyo. Walisoma habari magazetini, yaliyobaki wakayabuni. Ndiyo maana Wajapani wamesimama imara katika sare nyeusi za Kizungu, huku Wachina, wenye mavazi ya rangi kali, wakianguka na kukimbia. Usiichukue kama ushahidi wa mapigano. Ni propaganda, tena iliyotoka kwa wachapishaji binafsi, nayo iliuzwa kwa sababu wanunuzi waliitaka. Hilo ndilo la kutia uchungu, maana kazi yenyewe ni nzuri mno. Tazama picha za Kobayashi Kiyochika, mmoja wa wachoraji hao: moshi, usiku, theluji.

Upesi ulitokana na kugawana kazi. Mchoraji alichora mistari kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga na kuondoa kila kisicho mstari. Kila rangi ikapata uso wake wa ubao. Kila karatasi, yenye takriban sentimita 37 kwa 25, ilikuwa na mbao zake, hivyo zote tatu ziliweza kuchongwa kwa wakati mmoja.

Ugumu ulikuwa kwa mchapaji. Kila ubao una alama mbili zilizochongwa, moja ya pembe, nyingine mstari mfupi, na karatasi huegemezwa hapo kabla ya kusuguliwa kwa kisugulio cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi. Karatasi lazima iwe na unyevu. Ikikauka katikati ya kazi husinyaa, na rangi inayofuata hutoka nje ya mstari. Angalia kingo za kofia na vidole: kosa huonekana hapo kwanza. Weupe wa theluji, mara nyingi, ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila rangi.

SWALI: Ninayo moja yenye vumbi. Niifute kwa kitambaa chenye maji?

JIBU: Hapana! Nyekundu na zambarau za wakati ule nyingi ni rangi za viwandani zinazoyeyuka. Tone moja la maji huzisambaza. Tumia brashi laini, kavu, na usiitundike palipo na jua. Kisha soma maandishi ya pambizoni, yenye mwaka uliohesabiwa kwa enzi ya Meiji, mfalme wa Japani wa wakati ule: Meiji 27 ni 1894, Meiji 28 ni 1895. Ukikuta Meiji 37, yaani 1904, hiyo ni ya vita dhidi ya Urusi, wakati picha za kamera na postikadi zilikuwa zimeshawavuta wateja wengi.