Uliza Mwalimu: Babu alikuwa Keya wa 6 mwaka 1914?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nyumbani husimuliwa kwamba baba wa babu yetu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, batalioni ya 6, akapigana na Wajerumani kule Tanga mwaka 1914. Naandika historia ya ukoo. Ni kweli?
Msomaji, Kondoa

Jibu: Marahaba mwanangu. Subiri kwanza, usiandike hivyo. Keya walianza mwaka 1902 wakiwa na batalioni sita, na ya 6 ilikuwa ya Somalia ya Waingereza. Ikavunjwa 1910. Namba hiyo ilikaa bila askari hadi 1917, ilipoundwa upya, safari hii kwa askari waliokuwa wakimtumikia Mjerumani hapa kwetu. Mwaka 1914 hapakuwa na Keya wa 6 hata mmoja!

Lakini usimwite mzee mwongo. Inawezekana Tanga alikuwepo, ila upande wa Mjerumani, kisha akaingia Keya baadaye. Vizazi vimeunganisha mambo mawili yakawa moja. Nimefundisha historia Dodoma miaka mingi, na nimeyaona haya katika familia nyingi.

Kuna medali kwenye kasha la bibi? Itazame ukingoni, juani. Medali za Waingereza za vita vile vya kwanza zilichongwa namba, jina na kikosi cha askari. Ukisoma 26 au 36 kwenye karatasi yoyote, hiyo ni vita ya pili: batalioni hizo za Tanganyika zilikwenda Burma, na huyo atakuwa mzee mwingine wa ukoo wenu.