Anayeanza uhandisi wa usafirishaji: kaa barabarani kwanza

Mdogo wangu uliyeuliza uanzie wapi somo la usafirishaji, maana unaona fomula tupu: nimefanya kazi ya kuhesabu magari hapa Dodoma, na kwangu somo linaanzia kwenye kuhesabu.

Chukua daftari, tafuta mwenzako, mkae asubuhi mahali salama kando ya barabara ya Dar, mkihesabu wanaoelekea Mtumba, kwenye mji wa serikali. Gawa saa moja katika robo nne, na kila chombo kiwe na safu yake: bodaboda, bajaji, daladala, gari dogo, lori. Na waenda kwa miguu, tafadhali. Fomu nyingi huwasahau, halafu barabara inajengwa bila kivuko.

Tuseme robo zimetoa 120, 180, 260 na 160. Jumla ni 720. Ila ile robo ya 260 ingeendelea hivyo saa nzima, yangepita magari 1,040. Gawanya 720 kwa 1,040 unapata 0.69. Hicho ndicho kigezo cha saa ya kilele. Kikiwa karibu na 1 magari yanakuja sawasawa, kikishuka ujue yanakuja kwa mkupuo. Foleni ya kwenye kiplefti inazaliwa ndani ya robo ile, na ukisanifu kwa 720 umeshaikosa.

Fomula ya mtiririko nayo itakaa yenyewe kichwani: magari yanayopita kwa saa ni kasi mara wingi wa magari kwa kilomita. Bruce Greenshields, aliyeonyesha mwaka 1935 jinsi kasi inavyoshuka magari yakibanana, alianza kwa kupiga picha magari barabarani kule Ohio, Marekani.

Zile hatua nne za kutabiri safari usizikariri. Jiulize tu kuhusu mtumishi wa serikali anayeishi mtaa wa Kisasa hapa Dodoma: kwa nini anatoka, anakwenda wapi, anapanda nini, anapita njia gani. Hapo kwenye kupanda nini ndipo pagumu kwetu, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa kwa miji ya magari binafsi. Bajaji inayosimama popote kupakia abiria inazuia njia kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, kwa hiyo usinakili uzito wake (yaani inahesabiwa sawa na magari madogo mangapi) kutoka jedwali la nje bila kuupima.

Jioni rudi pale pale uhesabu upande wa pili, ulinganishe robo za kilele kabla hujagusa kompyuta.