Usimbandike Plasta ya Dawa Akiwa Amelala

Wiki hii dada mmoja ameniandikia kuhusu kaka yake mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Vidonge anatema. Amesikia kuna plasta ya dawa, anauliza: "Nikimbandika mgongoni usiku akiwa usingizini, si itafanya kazi tu?"

Itafanya. Najua, maana nilimfanyia mdogo wangu hivyo hivyo, na mpaka leo linaniuma.

Alikuwa akitumia asenapini, dawa ya skizofrenia ya kuweka chini ya ulimi, ile ambayo ukishaiweka huli wala hunywi kwa dakika 10. Yeye aliimeza haraka na maji ili nimwache. Ikimezwa, ini huivunja karibu yote. Kinachofika kwenye damu hakifiki asilimia 2. Miezi nilisema dawa imeshindwa, kumbe ilikuwa haiingii. Plasta ya asenapini iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Inakaa saa 24, na dawa hupenya kwenye ngozi bila kupitia tumboni. Daktari alipoitaja nilijiona nimetua mzigo. Akaniachia nikazungumze na mgonjwa.

Sikuzungumza naye.

Usiku wa nne aliamka akijikuna chini ya bega. Akaibandua, akaisogeza kwenye taa, akaniuliza taratibu, "Dada, hii ni nini?" Mtu ambaye ugonjwa wake humnong'oneza kwamba watu wanamtilia sumu, mimi niliyemlea ndiye nikampa ushahidi. Kwa miezi mitano hakuonja chakula nilichopika.

Kwa hiyo mwambie, ndugu yangu. Mwonyeshe plasta mchana, aishike, aulize. Akikataa, rudini kwa daktari. Zipo hata sindano za mara moja kwa mwezi. Akikubali, bandueni ya jana kwanza ndipo mbandike mpya, na mahali pabadilike kila siku: mkono wa juu, mgongo wa juu, tumbo au nyonga. Msiweke chupa ya maji moto juu yake, joto huingiza dawa kupita kiasi. Lakini hayo yote utayasoma kwenye karatasi ya dawa. Karatasi haitakwambia kwamba mgonjwa ni mtu mzima, na mwili ule ni wake. Tunaouguza tunachoka, na uchovu hutufanya tuwe askari. Tuache.

Siku hizi mdogo wangu hujibandika mwenyewe. Ya zamani huikunja gundi kwa gundi, akaitupa, kisha huniita nitazame kama mpya imeshika kwenye kingo.