Mshika kibendera wa klabu aaminiwe kiasi gani?

Umeuliza refa wa mechi za ridhaa amwamini kiasi gani mshika kibendera aliyejitolea kutoka klabu mojawapo. Kwa mpira uliotoka nje, mwamini karibu moja kwa moja: yeye yuko pale mstarini, wewe uko mbali. Pagumu ni kwenye kuotea, na si kwa sababu ya upendeleo tu. Wengi husimama sambamba na mpira wakati walipaswa kwenda na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda lango, kipa akihesabiwa. Halafu humtazama mshambuliaji pale mpira unapomfikia, ilhali Sheria ya 11, ile ya kuotea, inaangalia alikuwa wapi mwenzake alipoucheza. Hapo hata mtu mwaminifu kabisa atakosea.

Kwa hiyo kabla ya mechi waite washika vibendera wote wawili pamoja, kwa heshima, maana wamekupa muda wao bure. Waambie: mpira wote uvuke mstari ndipo wainue, faulo na penalti wakuachie, na uamuzi wa mwisho kisheria ni wako. Kibendera kikiinuka nawe umeona tofauti, mpungie mkono ajue umemwona, mchezo uendelee.